Mtoto mwenye sepsisi: jinsi ya kugundua mapema kuwa figo zinaumia

Katika wodi nyingi za watoto, mtoto aliyelazwa kwa sepsisi hupimwa joto, huhesabiwa pumzi, hushikwa mapigo ya damu, na yote hayo huandikwa kwa tarakimu. Ikifika kwenye mkojo, tarakimu zinaisha. Ukifungua faili unakuta neno moja tu: "amekojoa". Kiasi gani? Saa ngapi? Wa rangi gani? Hakuna anayejua. Kesho yake majibu ya kreatinini yanarudi yamepanda, ndipo watu wanaanza kuulizana figo zimeanza kuumia lini. Zilianza jana, wakati neno hilo linaandikwa.

Makala haya ni yako muuguzi, tabibu au daktari uliye zamu katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Sehemu yake ni ya mzazi pia, kwa sababu yeye ndiye anayemshika mtoto muda wote na ndiye anayejua nepi ililowa lini. Ninachotaka kukuachia ni kwamba mkojo unaopimwa na kuandikwa tangu saa ya kwanza hutoa habari za figo mapema kuliko maabara, na kuupima kunawezekana hata pale ambapo hakuna mashine yoyote ya maana.

Sepsisi ni hali ambayo mwili, ukipambana na maambukizi, unaanza kuumiza viungo vyake wenyewe. Chanzo kinaweza kuwa nimonia, kuhara, kitovu kilichoingiwa na vijidudu, njia ya mkojo, homa ya uti wa mgongo au kidonda. Makadirio ya dunia ya mwaka 2017 yalionyesha wagonjwa wapatao milioni 48.9 na vifo milioni 11 vinavyohusiana na sepsisi, na karibu wagonjwa milioni 20 walikuwa watoto walio chini ya miaka 5. Figo ni miongoni mwa viungo vinavyoguswa mapema. Presha ikishuka, damu inayofika kwenye figo hupungua. Lakini si presha peke yake. Uvimbe wa ndani unaosababishwa na maambukizi huvuruga mishipa midogo kabisa ya figo na kuzilemaza chembe za mirija yake, hata pale presha inaposomeka vizuri. Kwa hiyo usitulie kwa kuwa mikono ya mtoto imepata joto na presha imerudi. Endelea kupima mkojo.

Kuna jambo jingine la kujua. Vigezo vipya vya kutambua sepsisi kwa watoto, vinavyoitwa Phoenix, vilivyotangazwa Januari 2024, vinaangalia mapafu, moyo na mishipa ya damu, ugandaji wa damu, na ubongo. Figo haimo katika vinne hivyo. Haikuachwa kwa kuwa haina umuhimu. Waliovitunga waliona kuwa viungo hivyo vinne vinatosha kusema nani ana sepsisi. Lakini maana yake kwako ni hii: unaweza kumaliza kujaza fomu yote, ukafikia hitimisho sahihi kwamba mtoto ana sepsisi, na bado hujazigusa figo zake. Lazima uzitafute kwa makusudi.

Kwa nini tusisubiri kreatinini

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli na kutolewa na figo. Figo zikizidiwa, taka hiyo hurundikana kwenye damu, lakini hurundikana polepole. Mara nyingi huchukua kati ya saa 24 na 48 kabla kipimo hakijapanda vya kutosha kumshtua mtu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti mkubwa uitwao AWARE, uliofuatilia watoto na vijana 4,683 katika vyumba vya wagonjwa mahututi katika mabara manne. Zaidi ya robo yao, asilimia 26.9, walipata jeraha la ghafla la figo. Jambo ambalo kila muuguzi angepaswa kulijua ni kwamba katika wale waliokuwa na mkojo mdogo, asilimia 67.2 wasingegunduliwa kama kreatinini peke yake ndiyo ingeangaliwa. Watoto wawili kati ya watatu. Na hizo ni hospitali zenye maabara inayofanya kazi usiku na mchana.

Kwetu kuna sababu zaidi za kutoitegemea kreatinini pekee. Mtoto mwenye utapiamlo ana misuli midogo, hivyo hutoa kreatinini kidogo, na kipimo chake kinaweza kuonekana kizuri ilhali figo zimeshazorota. Mtoto aliyejazwa dripu nyingi, damu yake imezimuliwa na kreatinini imezimuliwa pamoja nayo. Mwenye manjano makali, njia ya zamani ya kupima inayotumika katika maabara nyingi inaweza kutoa jibu la chini kuliko hali halisi. Na mtoto mchanga wa siku mbili tatu bado anabeba kreatinini ya mama yake, kwa hiyo jibu moja la siku hizo linasema machache kuhusu figo zake mwenyewe.

Simaanishi uache kuipima. Ipime siku ya kwanza, irudie baada ya saa 24 na tena saa 48, maana jibu la siku ya kwanza kuwa zuri halikuhakikishii chochote kuhusu siku ya tatu. Ila lichukulie kama ushahidi wa pili. Wa kwanza ni mkojo.

Anza na swali zuri

Mama anapofika na mtoto, swali linaloulizwa sana ni "Mtoto anakojoa vizuri?" Atajibu ndiyo, kwa sababu hajui "vizuri" ni kiasi gani, na kwa sababu kilichomleta ni homa. Uliza hivi: "Mama Neema, mara ya mwisho kuona nepi imelowa ilikuwa saa ngapi?" Asipokumbuka saa, msaidie kwa mambo ya nyumbani. Ilikuwa kabla ya chai ya asubuhi au baada? Usiku mlipoamka kumnyonyesha, alikuwa amelowa? Tangu jana jioni umebadilisha nepi ngapi? Kwa mtoto mkubwa anayekwenda chooni mwenyewe, muulize yeye, kisha umuulize aliyekuwa naye. Kisha rangi. Mkojo mweusi kama kahawa kwa mtoto mwenye homa na upungufu wa damu unaweza kuwa dalili ya seli nyekundu kupasuka, na hilo linaonekana sana kwenye malaria kali. Mtoto huyo figo zake ziko hatarini kuanzia dakika hiyo.

Uliza pia dawa alizopewa kabla ya kufika, na uulize kwa upole. Mama akikaripiwa, atanyamaza. Unatafuta vitu vitatu hasa: sindano au vidonge vya diklofenaki na dawa za homa zenye ibuprofeni, ambavyo hupunguza damu inayoingia kwenye figo za mtoto aliyeishiwa maji; sindano za gentamisini alizokwisha kuchomwa kwenye zahanati au duka la dawa; na dawa za miti shamba, za kunywa au za kuingiza kwa njia ya haja kubwa. Sharubati za kikohozi nazo uziulize jina na zilikonunuliwa. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kazi, na uchunguzi ukaelekeza kwenye sharubati zilizochanganyika na kemikali zenye sumu. Dalili ambayo wazazi wengi waliiona mapema ilikuwa moja: mtoto ameacha kukojoa.

Kupima mkojo kwa vitu ulivyonavyo

Tafuta mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni, ile inayosoma gramu moja moja. Mizani ya kupimia uzito wa watoto kliniki haifai kazi hii, kwa kuwa nyingi zinaruka kwa gramu kumi, ishirini au hamsini, na nepi yenye gramu 25 za mkojo inaweza kupita bila kuonekana. Pima nepi ikiwa kavu, andika uzito wake juu yake kwa kalamu, kisha umvishe mtoto. Akilowa, pima tena na utoe. Gramu moja ni sawa na mililita moja. Nepi kavu gramu 22, iliyolowa gramu 58, mkojo ni mililita 36. Huhitaji hesabu nyingine.

Wengi wa wagonjwa wetu hawavai nepi za dukani. Kitambaa cha kanga kinafanya kazi ileile kikipimwa kikavu na kupimwa mara kinapolowa, kabla hakijaanza kukauka kwenye joto la wodi. Mweleze mama asikifue wala kukianika kabla hujakipima. Mtoto wa kiume mkubwa kidogo anaweza kukojolea kwenye chupa yenye alama za mililita, na wa kike kwenye kopo safi lililowekwa kwenye beseni. Tatizo halisi ni mtoto anayeharisha, maana mkojo na kinyesi vinachanganyika na uzito wa nepi haukwambii kitu. Hapo mfuko wa kukusanyia mkojo unaobandikwa kwenye ngozi unasaidia, ingawa unavuja na unahitaji kukaguliwa kila mara.

Mtoto aliyepoteza fahamu au aliye kwenye mshtuko, yaani mzunguko wake wa damu umeporomoka, mwekee mpira wa mkojo. Ndiyo njia pekee ya kujua mkojo wa kila saa. Lakini mpira huleta maambukizi mapya, kwa hiyo jiulize kila asubuhi kama bado unahitajika, na utoe mara hali ikitengemaa. Na kabla hujaandika kwamba hakuna mkojo, angalia mpira haujapinda wala kuziba, kisha gusa juu ya kinena. Ukikuta kibofu kimejaa, tatizo liko kwenye njia ya kutokea. Kwa mvulana mchanga fikiria kizuizi cha kuzaliwa nacho kwenye mrija wa mkojo, ambacho mara nyingi hujitambulisha kwa maambukizi makali.

Sasa gawanya. Chukua mkojo wote wa saa 6, gawanya kwa uzito wa mtoto kwa kilo, kisha kwa 6. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2012 unasema mkojo ulio chini ya mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, kwa saa 6 au zaidi, ni jeraha la ghafla la figo, daraja la kwanza. Ukiendelea hivyo kufikia saa 12, ni daraja la pili. Ukishuka chini ya 0.3 kwa saa 24, au ukikauka kabisa kwa saa 12, ni daraja la tatu.

Kwa mtoto wa kilo 10, mpaka huo ni mililita 30 kwa saa 6. Vijiko viwili vya chakula. Utaona kwa nini neno "amekojoa" ni hatari: nepi inaweza kuwa imelowa waziwazi, mama akaridhika, muuguzi akaandika, na mtoto amekwisha kuingia daraja la kwanza. Mimi napendelea kuanza kuhangaika mapema zaidi. Mkojo wa mtoto mdogo ukishuka chini ya mililita 1 kwa kilo kwa saa, mfuatilie kwa karibu na umjulishe daktari, usisubiri ufike nusu. Kwa mtoto mchanga kiwango hicho cha mililita 1 ndicho wengi wanachokitumia kama mpaka wenyewe, ila kumbuka katika saa 24 za kwanza za uhai mtoto mzima kabisa anaweza kuwa bado hajakojoa.

Jibu la maabara linaloitwa "kawaida"

Hapa ndipo watoto wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kilo 10, urefu sentimita 80, amelazwa kwa nimonia na sepsisi. Kreatinini inarudi 62 kwa maikromoli. Pembeni ya jibu maabara imechapa kiwango cha kawaida cha mtu mzima, kinachoanzia hamsini na kitu hadi mia na kidogo, na hakuna alama ya hatari. Daktari aliyechoka anasoma, anaandika "figo sawa", anaendelea na kitanda kinachofuata.

Fanya hesabu. Kuna kanuni ya Schwartz iliyoboreshwa mwaka 2009: zidisha urefu wa mtoto kwa sentimita na 36.5, gawanya kwa kreatinini, utapata kasi ya kuchuja ya figo. Igeuze. Ukichukulia kwamba figo nzima za mtoto wa umri huo huchuja kwa kasi ya 120, kreatinini yake ya kawaida ingekuwa 36.5 mara 80, gawanya kwa 120. Jibu ni 24. Yeye ana 62. Imezidi mara mbili na nusu, na kwa KDIGO hilo ni daraja la pili. Maabara inayotoa majibu kwa miligramu ingeandika 0.7, namba ambayo hakuna mtu mzima angeihofia.

Kwa hiyo pima urefu wa kila mtoto siku anayolazwa, na uandike. Kamba ya kupimia inagharimu pesa kidogo sana na wodi nyingi zinayo, ila haitumiki isipokuwa kwa watoto wenye utapiamlo. Kisha bandika ukutani karatasi yenye urefu na kreatinini inayotarajiwa: sentimita 80 ni 24, sentimita 100 ni 30, sentimita 120 ni 36 au 37. Kanuni hii haifai kwa mtoto mchanga, lakini kwa waliovuka mwaka mmoja itakuokolea wengi. Ikizidi mara moja na nusu ya kiwango chake, figo zimeumia. Mara mbili, daraja la pili. Mara tatu, la tatu. Na hata kama huna kiwango cha mwanzo, ongezeko la maikromoli 26.5 ndani ya saa 48 linatosha kutoa tamko.

Waombe wenzako wa maabara wachape viwango vya watoto kwenye majibu ya watoto. Ni ombi dogo, na mganga mfawidhi akilishika linatekelezeka.

Kuhusu vipimo vipya: tangu mwaka 2005, madaktari wa Cincinnati walipoonyesha kwamba protini iitwayo NGAL hupanda kwenye mkojo saa chache tu baada ya figo kuumia kwa watoto waliofanyiwa upasuaji wa moyo, utafiti umeendelea sana. Hospitali chache duniani zinaitumia. Ikifika kwako, vizuri. Isipofika, mizani na kalamu vitakupeleka mbali.

Maji yanayoingia na yanayotoka

Mtoto asipokojoa, mkono wa kwanza hukimbilia dripu. Ngoja. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Waliosukumiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48, karibu asilimia 10.5, kuliko waliopewa maji ya kawaida ya polepole, asilimia 7.3. Watoto wa Kilifi, Muheza, Mbale na Soroti walikuwa miongoni mwao. Ni ushahidi uliotoka kwenye wodi zetu wenyewe, na miongozo ya sepsisi ya watoto ya mwaka 2020 ikaufuata: pale pasipo na chumba cha wagonjwa mahututi, na presha ikiwa haijashuka, usisukume maji kwa haraka. Presha ikiwa imeshuka, toa mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa hatua, ukimkagua mtoto kila hatua, na uache mara ini linapovimba, pumzi inapokwenda mbio au mapafu yanapoanza kutoa mlio wa maji. Anayeharisha na kuishiwa maji ana mpango wake wa kurudishiwa maji, usimchanganye na huyu.

Kila saa 24 jumlisha yote yaliyoingia: dripu, damu, maji ya kuchanganyia dawa, maziwa ya mpirani. Toa yote yaliyotoka. Tofauti hiyo, ikiwa katika lita, igawanye kwa uzito wa siku ya kulazwa katika kilo, kisha zidisha kwa 100. Mtoto wetu wa kilo 10 aliyepokea mililita 1,400 na kutoa 300 amebakiwa na lita 1.1, sawa na asilimia 11. Ukivuka asilimia 10 umeingia eneo la hatari. Ukikosa muda wa hesabu hiyo, mpime uzito kila asubuhi kwenye mizani ileile akiwa hana nguo. Kilo iliyoongezeka kwa siku moja ni maji, si afya. Uvimbe wa macho na miguu huja baadaye, usiufanye kuwa ishara yako ya kwanza.

Na lasiksi? Inaondoa maji yaliyozidi kwa mtoto ambaye figo zake bado zinaitikia, na hapo ina kazi yake. Haitibu figo wala haizuii zisiumie. Mkojo uliotoka kwa nguvu ya sindano usiuandike kana kwamba figo zimepona.

Ukishagundua

Hakikisha antibiotiki zimeingia: ndani ya saa moja kwa mtoto aliye kwenye mshtuko, ndani ya saa tatu kwa wengine ambao viungo vimeanza kuguswa. Usizuie dozi ya kwanza ya gentamisini kwa hofu ya figo, kwa sababu maambukizi yasiyotibiwa yanaziua figo haraka kuliko dawa. Lakini kabla ya dozi ya pili, tazama chati ya mkojo na kreatinini, na kama vimeharibika zungumza na daktari kuhusu kuirefushia muda au kuibadilisha. Homa itibiwe kwa parasetamo. Diklofenaki na ibuprofeni ziondolewe kwenye faili kabisa, zisiachwe hata kwa maelezo ya "ikihitajika", kwa sababu zamu ya usiku itazitoa.

Pima potasiamu. Kama maabara haiwezi, tazama mapigo ya moyo na mchoro wake kama mashine ipo, na uondoe dripu yenye potasiamu ya kuongeza. Pima presha kwa mkanda unaolingana na mkono wa mtoto. Mkanda wa mtu mzima humpa mtoto presha ya chini ya uongo.

Wa kupewa rufaa ni yule aliyekaa saa 12 na mkojo mdogo licha ya mzunguko wa damu kurekebishwa, yule ambaye kreatinini imefika mara tatu, mwenye potasiamu inayovuka 6, mwenye maji kwenye mapafu, au anayeanza degedege na kuchanganyikiwa. Piga simu mapema, mtoto angali na nguvu ya kusafiri. Barua yake iwe na uzito, urefu, mkojo wa kila saa 6, jumla ya maji, kreatinini zote pamoja na saa zilizochukuliwa, na kila dawa na dozi yake. Ukiandika "figo zimefeli" tu, anayempokea anaanza upya.

Watu wengi bado wanaamini kwamba mtoto akifika hatua ya kusafishwa damu, safari imeisha kwa sababu hakuna mashine. Si kweli. Usafishaji kupitia tumboni hautaki mashine wala umeme, na unamfaa mtoto mdogo kuliko njia nyingine nyingi. Madaktari wa KCMC mjini Moshi walichapisha matokeo yao ya njia hiyo mwaka 2012, na miongozo ya kimataifa inaruhusu maji yake kutengenezwa wodini pale ya kiwandani yanapokosekana. Figo zilizoumizwa na sepsisi mara nyingi hurudi zikipewa muda. Mtoto anayefika mapema ana siku za kuzisubiri.

Neno kwa mzazi

Mtoto mwenye homa ambaye hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea, amepata degedege, au hajalowesha nepi tangu asubuhi, mpeleke kituoni leo. Usimpe dawa ya maumivu ya mtu mzima. Beba chupa na paketi za dawa zote alizotumia, hata ulizopewa na jirani, na kadi yake ya kliniki, maana uzito wa mwisho ulioandikwa humo unasaidia kujua maji kiasi gani yamepotea. Ukiwa wodini, kila anapokojoa mwambie muuguzi. Akionekana ana haraka, andika mwenyewe saa kwenye karatasi na umpe. Hapana atakayekuona msumbufu, na akikuona hivyo, endelea.

Siku ya kuruhusiwa, usiondoke bila tarehe ya kurudi. Mtoto aliyeumia figo anahitaji kuonwa tena baada ya miezi mitatu, apimwe presha, mkojo na kreatinini, kwa sababu wapo wanaobaki na kovu lisiloonyesha dalili yoyote. Muuguzi, iandike tarehe hiyo kwenye kadi ya kliniki na si kwenye karatasi ya ruhusa, maana kadi ndiyo mama atakayorudi nayo.